Seva Ilikuwa Nzima

Akelo aliandika "Usagara", akabonyeza kitufe na kusubiri majina. Siku zote kompyuta ilichukua muda kidogo, ikikoroma, kisha majina ya wakulima wa kijiji hicho yakashuka kwenye kioo moja baada ya jingine. Jumatatu ile asubuhi haikukoroma. Ilijibu papo hapo: hakuna kumbukumbu. Akadhani amekosea herufi. Akaandika Bukumbi. Hakuna. Akaandika Misungwi, ambako Ushirika ulikuwa na wakulima wengi kuliko kwingine kote. Hakuna.

Uani malori yalikuwa yameshapakiwa mbegu za pamba. Ilikuwa Oktoba mwaka tisini na sita. Mawingu ya mvua yalianza kujikusanya juu ya ziwa, na madereva walitaka kuondoka kabla barabara hazijaanza kuteleza.

"Dada Akelo, karatasi zetu vipi?" mmoja wao aliuliza dirishani.

"Subirini kidogo. Mashine ina tatizo."

Karatasi walizokuwa wakisubiri ndizo zilizowaambia kila gunia liende kijiji gani. Kwa Ushirika wa Pamba wa Ilumbo hilo halikuwa jambo dogo. Kuna ugonjwa wa mnyauko unaojificha ndani ya mbegu. Ukichukua mbegu iliyotoka kwenye ardhi yenye mnyauko ukaipanda kwenye ardhi safi, hutaona kitu mpaka pamba iwe imefika magotini. Hapo majani yanageuka manjano, mche unakufa umesimama, na udongo wenyewe unabaki na ugonjwa miaka na miaka. Kwa hiyo Akelo na mabwana shamba walikuwa wamepita vijiji vyote kwa pikipiki na kwa miguu, wakiuliza kila mkulima analima wapi, alipanda mbegu ipi, na mnyauko uliwahi kuonekana kona gani ya shamba lake. Yote hayo yalikuwa ndani ya seva, kompyuta kubwa ya kijivu iliyoletwa na wafadhili na kuwekwa kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi. Akelo alitumwa Nairobi kusomea namna ya kuitunza. Aliporudi, Mzee Malimi, meneja wa Ushirika, alimkabidhi ufunguo wa chumba kile mbele ya wafanyakazi wote.

Aliingia chumbani. Taa za seva zilikuwa zinawaka kijani. Akaizima taratibu, akaiwasha upya, akasoma kila mstari uliopita kwenye kioo chake. Hapakuwa na malalamiko hata moja. Mwishoni iliandika kwamba iko tayari kwa kazi.

Akachukua kanda ya akiba. Kila jioni seva ilinakili data zote kwenye kanda, na kanda hizo zilifungiwa kabatini. Akafungua ya Ijumaa: tupu. Ya Alhamisi: tupu. Alizijaribu zote, na zote zilikuwa zimenakili folda isiyo na kitu ndani. Hapo akaketi kwenye kreti la soda lililokuwa pembeni.

Mtu mmoja tu mjini Mwanza angeweza kumsaidia. Akanyanyua simu akampigia Odoyo.

Odoyo alikuwa mume wa mdogo wake, Ajwang. Akelo ndiye aliyemwombea kazi pale Ushirika, ndiye aliyemfundisha seva tangu mwanzo, na kwa miaka mitatu walikuwa wamefanya kazi bega kwa bega katika chumba kile. Alikuwa ameacha kazi mwanzoni mwa mwezi, akisema anafungua duka la vipuri vya kompyuta mtaa wa Rufiji. Akelo hakumlaumu. Tangu serikali ifungue milango na kampuni binafsi zianze kununua pamba, kila mwenye ujuzi alikuwa anatafuta pa kushika.

Odoyo alikuja upesi, jasho likimtoka, mfuko wa vifaa begani.

"Pole, shemeji. Hebu nione."

Alifungua kifuniko, akagusagusa nyaya, akaweka sikio karibu na mashine kama daktari. Kisha akatikisa kichwa.

"Diski imekufa, shemeji. Umeme ulivyokuwa unakatika wiki ile, ndiyo huo umeiua. Na kanda zilikuwa zinanakili kutoka kwenye diski mbovu, ndiyo maana nazo ni tupu."

"Hakuna namna yoyote?"

"Labda Ulaya. Hapa kwetu, hapana." Akamshika bega. "Usijilaumu. Angekuwa mtu mwingine yeyote ingemtokea."

Akelo alilia mbele yake. Odoyo alimpa leso yake, akangoja mpaka alipotulia, kisha akaondoka.

Mzee Malimi alisikiliza habari hiyo akiwa amesimama. "Basi mbegu zigawiwe hivyo hivyo," alisema. "Mvua haitusubiri. Kampuni za watu zimeshaingia vijijini."

"Mzee, tukichanganya mbegu tutawaua wakulima wetu."

"Tusipowapa mbegu watapewa na wengine."

"Nipe mpaka Ijumaa."

"Mpaka Ijumaa, binti yangu. Si zaidi."

Kesho yake asubuhi Akelo alikaa mbele ya seva akiwa ametulia zaidi, na ule utulivu ndio uliomfanya aone kilichokuwa hakikai sawa. Diski iliyokufa hupiga kelele. Seva hukataa kuwaka, au huwaka ikilalamika kwamba haioni kitu fulani. Hii haikulalamika. Ilisema iko tayari. Ilikuwa inasoma mahali fulani, na mahali hapo palikuwa pazima kabisa, ila patupu.

Seva haijui yenyewe data zake ziko wapi. Huambiwa. Kuna faili dogo la mipangilio ambalo seva hulisoma kila inapowashwa, na ndani yake kuna mstari unaosema: data ziko kwenye diski fulani, folda fulani. Akelo alilifungua faili hilo. Mstari ulikuwa vile vile alivyouandika yeye siku ya kwanza. Akaenda kwenye folda iliyotajwa. Ilikuwa tupu, lakini diski yenyewe ilisomeka bila shida. Mafaili mengine yote yalikuwepo. Diski haikufa.

Akaubadilisha mstari ule, akaielekeza seva kwenye folda nyingine, akaiwasha upya. Hakuna kilichobadilika. Akaielekeza kwingine. Hakuna kilichobadilika. Alijaribu mpaka mchana, akinywa chai iliyopoa, na kila mara seva ilijibu vile vile kama mtu asiyekusikia.

Mtu asiyekusikia. Akelo aliweka kikombe chini. Akalifungua tena lile faili, na safari hii akaliharibu kwa makusudi. Akaandika upuuzi: data ziko kwenye diski ya tisa, folda ya ng'ombe. Kama seva ilikuwa inalisoma faili hilo, ilibidi igome kuwaka.

Akaiwasha. Taa zikawa kijani. Niko tayari, ikaandika.

Kwa hiyo tangu asubuhi alikuwa anarekebisha faili ambalo seva haikuwa inalisoma. Lilikuwepo jingine. Akafuata amri zinazoiwasha seva, mstari kwa mstari, mpaka akaukuta ule ulioongezwa: seva iliambiwa ichukue mipangilio yake mahali pengine, kwenye folda iliyojificha ndani kabisa, ambako hakuna mtu angeangalia. Alilifungua faili hilo la pili. Lilikuwa linaielekeza seva kwenye folda mpya, ambayo ilikuwa imetengenezwa vizuri, ina vyumba vyote vya majina na mashamba na mbegu, bila jina hata moja ndani. Na juu ya mstari huo ulikuwepo mstari wa zamani, umezimwa lakini haukufutwa: data ziko kwenye diski ya tatu.

Mashine ile ilikuwa na diski mbili.

Akaelewa. Mtu alichomeka diski ya tatu kwa siri, akahamishia data huko, akaiambia seva isome huko. Wiki nzima, labda zaidi, Akelo alikuwa amefanya kazi juu ya diski asiyoijua. Kanda za akiba ziliendelea kufuata faili la kwanza na kunakili folda iliyoachwa tupu, mpaka kila nakala ya zamani ikafutwa na utupu. Baada ya hapo mtu huyo alichohitaji ni kuielekeza seva kwenye folda tupu, kuchomoa diski yake na kuondoka nayo.

Akaangalia ni nani aliyelitengeneza faili lile la pili. Seva huandika jina la mtumiaji kwenye kila faili. Tarehe ilikuwa ya Septemba. Jina lilikuwa akelo.

Alitoka nje akapumua. Mzee Kija, mlinzi, alikuwa amekaa getini akichonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona umepauka hivyo?"

"Jumamosi alikuja mtu ofisini?"

"Shemeji yako alikuja mchana. Akatoka na kiboksi, cheusi hivi, cha kukaa kwapani. Akasema umemtuma wewe, nikamfungulia." Mzee Kija aliacha kuchonga. "Hukumtuma?"

Akelo alikuwa ameshageuka kurudi ndani. Alikuwa anafikiria jambo jingine. Ili Odoyo aandike kwa jina lake, ilibidi ajue neno lake la siri. Hakuwahi kumwambia mtu. Hakuliandika popote. Lilikuwa "opija", jina la kindege mbayuwayu kwa Kijaluo. Mama yao alimwita hivyo zamani, kule Shirati, kwa sababu hakuwa anatulia mahali pamoja. Mama alikwisha kufa. Duniani alibaki mtu mmoja tu aliyewahi kulisikia.

Ajwang alikaa Kirumba, kwenye nyumba iliyoegemea majabali. Akelo alimkuta kibarazani anaparua sato, magamba yamemrukia mpaka kwenye kanga.

"Dada! Karibu. Leo si Jumapili, mbona umetukumbuka?"

Kila Jumapili baada ya kanisa Akelo alikula pale. Jumapili iliyopita pia alikula pale, na Odoyo alimwongezea ugali mwenyewe.

"Odoyo aliambiwa na nani mama alikuwa akiniitaje?"

Kisu kilisimama. Ajwang alimtazama samaki, akamgeuza upande wa pili.

"Aliniuliza tu, nikamwambia. Ni kosa kumwambia mume wangu jina la utani la dada yangu?"

"Ulijua analitakia nini?"

Nyumba ya jirani redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.

"Nilijua," Ajwang alisema.

Akelo aliketi kwenye ngazi. Alikuwa amejiandaa kusikia uongo. Kwa ukweli hakuwa amejiandaa.

"Ushirika unakufa, dada," Ajwang aliendelea, sauti ikianza kupanda. "Mji mzima unajua isipokuwa wewe. Kampuni ya Misungwi ilimwambia Odoyo, tuletee wakulima wa Ilumbo, tutakupa kazi na nyumba. Ulitaka akatae ili iwe nini? Tuzikwe pamoja na Ushirika wenu?"

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali. Lakini ungeniambia. Nilikubeba mgongoni wewe. Siku ya msiba wa mama nilikunyoa nywele kwa mikono yangu kwa sababu ulikataa mtu mwingine asikuguse. Nimekula hapa juzi, Ajwang. Ulinimiminia maji ya kunawa."

Ajwang alianza kulia, lakini hakusema samahani.

Odoyo aliwakuta hivyo. Alisimama mlangoni, akamtazama mke wake, kisha Akelo, na akaelewa bila kuambiwa. Akelo alitegemea akane, au akimbie. Odoyo aliingia ndani, akatoka na kiboksi cheusi kimefungwa kwa kitambaa cha meza.

"Chukua, shemeji. Nilikuwa nakusudia kukurudishia. Kampuni wameshanakili."

"Ulisema imekufa."

"Nilitaka usihangaike."

"Nililia mbele yako, Odoyo. Ukanipa leso."

Odoyo alitazama chini. "Wao wanataka majina tu. Mambo ya mnyauko hayawahusu, hayo yatabaki yako. Na nimeshakuombea nafasi kule. Wanahitaji mtu kama wewe."

Akelo alichukua kiboksi akaondoka bila kuaga.

Jumatano seva ilisoma tena. Alilifuta faili la pili, akautoa ule mstari ulioongezwa, akarudisha data kwenye folda yake ya zamani na kulirekebisha faili la kwanza. Alipoandika "Usagara" mashine ilikoroma, majina yakashuka. Wafanyakazi walipiga makofi. Mchana malori yakaondoka na karatasi zake.

Kisha alikwenda kwa Mzee Malimi akamweleza yote, bila kuficha jina la shemeji yake wala la mdogo wake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Faili lina jina la nani?"

"Langu. Lakini nimekueleza, mzee."

"Mlinzi anasema Odoyo alitumwa na wewe."

"Ndivyo Odoyo alivyomwambia."

"Na diski umeitoa wewe, kwa mdogo wako." Mzee Malimi alivua miwani. "Mimi nakuamini, Akelo. Bodi haitakuamini. Niletee mdogo wako aje aseme mbele yao kwamba yeye ndiye aliyetoa hilo neno. Akisema, hakuna atakayekugusa."

Akelo alirudi Kirumba. Hakugombana. Alimwomba Ajwang kitu kimoja tu, aje aseme sentensi moja. Ajwang alifuta machozi, akakubali. Alisema atakuja, kwa roho ya mama.

Alikuja kweli. Alivaa gauni lake la kitenge la kanisani, akaketi mbele ya wajumbe wa bodi na mikono mapajani. Mwenyekiti alimuuliza kama anajua lolote kuhusu neno la siri la dada yake. Odoyo alikuwa nje, ndani ya pikapu ya kampuni ya Misungwi, injini inaunguruma. Ajwang alitazama dirishani kidogo.

"Mimi mambo ya kompyuta siyajui," alisema. "Na dada hakuwahi kuniambia neno lolote."

Sehemu ya pili ilikuwa kweli. Akelo aliisikia jinsi ilivyochaguliwa kwa uangalifu, na kitu ndani yake kikajifunga. Hakupinga. Wajumbe walipomuuliza kama ana la kuongeza, alisema hana. Wiki hiyo hiyo alikabidhi ufunguo wa chumba cha seva kwa Mzee Malimi, ambaye aliupokea bila kumtazama usoni.

Kampuni ya Misungwi iliingia Usagara na Bukumbi na kumwita kila mkulima kwa jina lake. Watu walifurahi kuitwa kwa majina. Wengi waliziacha mbegu za Ushirika ghalani, wakachukua za kampuni, ambazo zilikuwa zimechanganywa. Msimu wa pili mashamba ya Usagara yalianza kuwa na mabaka ya manjano. Kufikia wakati huo Ushirika wa Ilumbo ulikuwa umefunga milango na Mzee Malimi amerudi kwao kulima. Odoyo aliendelea vizuri. Alihamia Misungwi, akapewa nyumba aliyoahidiwa.

Akelo alipata kazi ya kufundisha hesabu katika shule ya sekondari Nansio, kisiwani Ukerewe. Alipanga vyumba viwili karibu na soko. Watu walimpenda kwa sababu alikuwa mpole na hakuwa na maneno mengi. Hakuna aliyejua kwamba aliwahi kushika kompyuta.

Ajwang alikuja mwaka wa tisini na tisa, wakati wa likizo, bila kutoa taarifa. Alishuka kwenye meli akiwa na mtoto mgongoni, akauliza njia mpaka akafika. Akelo alimkaribisha ndani, akampokea mtoto, akamwekea maji ya kuoga. Walikula bila kuzungumza mambo makubwa. Mtoto alipolala, Ajwang alisema, "Nimekusudia kwenda kwa Mzee Malimi. Nataka kumwambia ukweli."

"Ofisi imefungwa. Bodi haipo. Itamsaidia nini sasa?"

"Basi nikwambie wewe."

"Mimi naujua."

"Hata hivyo nikwambie."

Akamwambia. Alieleza jinsi Odoyo alivyomuuliza kidogo kidogo habari za utoto wao, jinsi alivyojua mapema na akanyamaza, jinsi alivyotoka nyumbani siku ile ya bodi amekusudia kusema kweli, na jinsi alivyoitazama ile pikapu. Akelo alisikiliza akikunja nguo za mtoto. Hakumkatiza. Alipomaliza, Ajwang alisubiri, na ilikuwa wazi anasubiri nini.

"Nimesikia," Akelo alisema. Akamtandikia kitanda chake mwenyewe, yeye akalala kwenye mkeka.

Asubuhi alimsindikiza gatini. Upepo wa ziwa ulikuwa mkali, na abiria walikuwa wameanza kusukumana kuingia. Ajwang alimfunga mtoto vizuri mgongoni, akageuka.

"Naweza kuja tena Krismasi?"

Akelo alimtazama mtoto, ambaye alikuwa ameamka na kunyoosha mkono kuushika ushungi wake.

"Njoo," alisema. "Lakini uje na mtoto tu."

Ajwang aliitikia kwa kichwa, akapanda. Akelo hakusubiri meli ing'oe nanga. Alikuwa na madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha, akarudi nyumbani kwa njia ya sokoni, ambako kina mama walikuwa wameanza kuanika dagaa.